John Boyd Orr: Daktari Aliyeanzia kwenye Nyasi

Wana Njoro wenzetu, mlio nyumbani na mlio mbali,

Katika kijitabu cha harambee ya mwaka huu tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa kwetu. Alikuwa Mskoti, na alifariki mwaka 1971. Lakini michango ya mwaka huu ni ya mambo mawili, chumvi ya madini kwa ng'ombe na maziwa kwa watoto wa madarasa ya chini, na John Boyd Orr aliyashughulikia yote mawili.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, magharibi mwa Uskoti, katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe, na alikuwa mtu wa dini sana. Kijana alipata nafasi katika shule ya sekondari ya Kilmarnock, lakini akawa anashinda na wachimba mawe kuliko na vitabu, akajifunza na matusi yao. Wazazi wakamrudisha shule ya kijijini. Wazazi mnaosoma haya, msiwakatie tamaa vijana wenu mapema.

Baadaye alisomea ualimu Glasgow. Alipopangiwa shule katika mtaa wa maskini, alikuta watoto wenye njaa, wagonjwa, wamejaa chawa. Aliona hakuna somo litakaloingia kichwani mwa mtoto wa namna hiyo, akaacha. Alifundisha kwingine miaka michache, kisha akarudi chuo kikuu kusomea biolojia na udaktari.

Mwaka 1914 alitumwa Aberdeen kuongoza taasisi ya utafiti wa lishe ya mifugo, ambayo wakati huo ilikuwa karibu kwenye karatasi tu. Vita vikamkatiza. Alikwenda Ufaransa kama daktari wa jeshi akarudi na nishani mbili za ushujaa. Kisha akaanza kazi ambayo kamati yetu inaielewa vizuri: kutafuta fedha. Mfanyabiashara wa pombe, John Quiller Rowett, alitoa mchango mkubwa, na taasisi ikafunguliwa mwaka 1922 kwa jina la Rowett. Tajiri huyo aliweka sharti moja la busara: utafiti wa lishe ya wanyama ukigundua jambo linalohusu binadamu, taasisi iruhusiwe kulifuatilia.

Boyd Orr alianza na nyasi. Wakati ule wafugaji wengi waliamini kwamba malisho yakiwa mengi na ya kijani, mnyama atanenepa. Yeye na wenzake walipima madini yaliyomo kwenye nyasi za nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, na mwaka 1929 akatoa kitabu juu ya madini ya malisho. Nyasi zaweza kujaza tumbo na bado mnyama akakosa fosforasi, chuma au kalsiamu. Hapo mifupa hudhoofika, ndama hawakui, maziwa hupungua, na dume anayefika kwa mchinjaji ni ngozi na mbavu.

Hapa kwetu jambo hilo lilijulikana kabla ya maabara. Wamaasai hawakupenda kulisha mifugo yao muda mrefu upande wa Njoro. Lord Delamere hakuwasikiliza. Mwanzoni mwa karne iliyopita alileta kondoo wake hapa, wakafa kwa wingi. Ugonjwa wa kukonda uliowapata ng'ombe wa eneo hili hata ukaitwa kwa jina la Nakuru katika vitabu vya mifugo. Baadaye, baada ya kazi iliyofanywa Australia miaka ya 1930, ilieleweka kwamba kinachokosekana ni kobalti. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huihitaji kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo mnyama hukosa hamu ya kula huku amesimama kwenye majani. Tiba ni kiasi kidogo mno, ndani ya chumvi ya kulamba.

Kutoka kwa ng'ombe Boyd Orr alihamia kwa watu. Pamoja na Dkt. Gilks wa idara ya tiba ya Kenya, mwaka 1931 alitoa ripoti iliyolinganisha afya ya Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na ya Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na mizizi. Wamaasai walikuwa warefu zaidi, wazito na wenye nguvu zaidi. Ripoti ilisifika sana. Sisi tunaona kwamba neno moja lilipewa uzito mdogo mno: ardhi. Mtu aliyenyang'anywa malisho hawezi kuambiwa tu aongeze maziwa.

Huko Uskoti na Belfast alijaribu kuwapa watoto wa shule maziwa ya ziada kila siku. Waliopewa walikua kwa kasi ya takriban asilimia 20 zaidi ya wenzao. Kuanzia mwaka 1934 serikali ya Uingereza ikalipia sehemu ya maziwa ya shule. Wengi wetu tuliokunywa maziwa ya Nyayo baada ya mwaka 1979 tulifaidi wazo lile lile. Mwaka 1936 akaonyesha kwamba nusu ya Waingereza hawakuwa na chakula kinachotosha kikamilifu kwa afya, sababu kubwa ikiwa mfuko, si ujinga. Wakubwa hawakufurahi.

Mwaka 1945 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Alitaka dunia iwe na bodi moja ya kuhifadhi akiba ya chakula na kutuliza bei. Marekani na Uingereza zilikataa, naye akaondoka mwaka 1948. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na fedha zake akazitoa kwa vyama vya kutetea amani. Aliishi hadi miaka 90, akifuga shambani kwake Uskoti.

Fomu ya ahadi imo ukurasa wa mwisho. Tafadhali weka alama kama mchango wako ni wa chumvi, wa maziwa, au wa vyote viwili. Asiye na fedha taslimu anaweza kuahidi lita za maziwa kwa shule iliyo karibu naye; mweka hazina ataziandika vile vile.