Maisha ya Bwana Clement Attlee, Waziri Mkuu wa Waingereza

Sisi tukaao Karatu twapanda mara kwa mara njia iendayo ukingoni mwa Ngorongoro. Tukisimama pale juu twaiona kreta chini yetu, na makundi ya wanyama kama nukta. Wageni huutazama uzuri wake tu, bali wenyeji wajua ya kuwa nchi ile ina mipaka, na ya kuwa mmoja wa mipaka hiyo ulichorwa katika siku za serikali iliyotawala London tangu mwaka 1945 hata mwaka 1951. Serikali hiyo ilikuwa ya chama cha Labour, ndicho chama cha wafanya kazi wa Uingereza, na mkuu wake alikuwa Clement Attlee. Twaona yafaa kuyasimulia maisha yake, kwani jina lake halitajwi sana kwetu, walakini mashauri ya serikali yake yalifika mpaka kwenye malisho na mashamba ya nchi hii.

Attlee alizaliwa tarehe 3 Januari 1883 huko Putney, London. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali, naye mtoto akasomeshwa katika shule ya Haileybury na chuo kikuu cha Oxford, kisha akajifunza sheria kama baba yake. Ujanani hakutaka mambo ya nchi yabadilike.

Mwaka 1905 alikwenda Stepney, mtaa wa maskini upande wa mashariki wa London, karibu na bandari. Shule yake ya zamani ilikuwa na nyumba huko ya kuwakusanya wavulana wa mtaa, naye alikwenda kuitazama tu. Akarudi tena na tena, hata mwaka 1907 akahamia huko, akawa msimamizi wake. Ndipo alipoona jamaa nzima wamejazana katika chumba kimoja, na wanawake wakishona nguo mchana na usiku kwa malipo madogo. Aliwaona makuli wakisimama alfajiri malangoni mwa bandari wakingoja kuchaguliwa. Asiyechaguliwa siku ile, watoto wake walilala na njaa. Husimuliwa ya kuwa siku moja alikuwa akitembea na msichana mdogo wa mtaani, akamwambia ya kuwa anakwenda nyumbani kunywa chai. Mtoto akajibu ya kuwa yeye anakwenda nyumbani kutazama kama chai ipo. Mwaka 1908 Attlee akajiunga na wenzi wa wafanya kazi, wala hakuwaacha tena maisha yake yote.

Katika vita vya kwanza alipigana Gallipoli na Iraki, akajeruhiwa mwaka 1916, akarudi ana cheo cha meja. Mwaka 1919 akawa meya wa Stepney, na mwaka 1922 watu wa Limehouse wakampeleka Bungeni. Chama chake kilitawala mara ya kwanza mwaka 1924, chini ya Ramsay MacDonald, nacho hakikumaliza mwaka. Kikarudi mwaka 1929. Lakini mwaka 1931 fedha za nchi zilipoharibika, mawaziri walishindana juu ya kupunguza msaada wa watu wasio na kazi, na MacDonald akaungana na wapinzani wake kufanya serikali nyingine. Katika uchaguzi uliofuata Labour ilibaki na wabunge 52 tu. Attlee alikuwa mmoja wa hao waliobaki, na mwaka 1935 wakamfanya kiongozi. Wengi walidhani ameshika mahali pa mwingine kwa muda, kwani hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kujionyesha. Naye akakaa katika kazi hiyo miaka 20.

Wakati wa vita vya pili alitumika chini ya Churchill, akawa msaidizi wake. Hata mwezi wa Julai 1945, watu wakamchagua Attlee kwa wabunge 393. Nchi yake ilikuwa imechoka na ina madeni mengi. Hata hivyo serikali yake ilitunga sheria ya bima kwa wagonjwa, wazee na wajane, na tangu tarehe 5 Julai 1948 kila mtu Uingereza aliweza kutibiwa pasipo kumlipa daktari. Migodi ya makaa ya mawe na reli zikawa mali ya taifa. Mwaka 1947 Bara Hindi na Pakistani zikapata uhuru. Mambo haya ya kwao aliyajua, kwani alikuwa amekaa na wale walioyahitaji.

Sasa natutazame Tanganyika. Baada ya vita Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 watu watatu walitumwa kukagua nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Wakazunguka kwa majuma tisa, mara nyingi kwa ndege, wakarudi na shauri la kulima karanga katika eka zaidi ya 3,000,000, sehemu kubwa katika Tanganyika. Serikali ya Attlee ikakubali. Kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Matrakta yakavunjika juu ya mizizi ya vichaka, mvua ikakosekana, na udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali. Wagogo walijua tangu zamani ya kuwa mvua ya kwao si ya kutumainiwa, lakini hapakuwa na baraza la kuwauliza. Mwezi wa Januari 1951 shauri lile likaachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni 36,000,000.

Katika miaka iyo hiyo, mwaka 1948, ilitungwa Dar es Salaam sheria ya hifadhi za wanyama. Hifadhi ya Serengeti ilipowekwa mwaka 1951, Ngorongoro ilitiwa ndani yake. Wamaasai waliahidiwa ya kuwa haki zao hazitaguswa. Attlee alikuwa amekwisha kuondoka katika utawala wakati kilimo kilipokatazwa, mwaka 1954, na manung'uniko yakawa mengi. Mwaka 1959 Wamaasai wakaondolewa Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa mahali pa watu, ng'ombe na wanyama wa porini pamoja.

Lakini haki yatudai kutaja na jambo jingine. Mwaka 1946 serikali hiyo hiyo ilikubali ya kuwa Tanganyika iwe chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wenyeji wakapata njia ya kupeleka mashtaka yao huko. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwezi wa Novemba 1951, muda mfupi baada ya Attlee kushindwa katika uchaguzi, waliitumia njia hiyo, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York kuwasemea. Nchi yao hawakurudishiwa wakati ule, ila malalamiko yao yalisikiwa na mataifa.

Attlee aliuacha uongozi wa chama mwaka 1955, akafa tarehe 8 Oktoba 1967, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey.

Tukiyapima maisha haya, hatuoni mtu mmoja mwema huko kwao na mwovu huku kwetu. Twaona mtu yule yule. Stepney alikwenda kwa miguu yake, akakaa miaka mingi kabla ya kutoa shauri; Kongwa ililetwa kwake katika karatasi. Wazee wa mabaraza, walimu na wainjilisti, sisi nasi huamua juu ya visima, shule na malisho ya watu wengine. Kabla hatujatia mkono katika karatasi, twendeni kwanza tukakae nao, tuwaulize mvua ya kwao hunyesha lini, na ng'ombe wao hunywa wapi wakati wa kiangazi.