Siti binti Saad: sauti ya mama muuza vyungu isipotee

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, ukitaja Zanzibar wazee wanafikiri upesi Tippu Tip na njia ya pembe. Ile njia ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika Ujiji, halafu baharini. Watu wengi waliipita na mzigo kichwani na mnyororo shingoni, hawakurudi tena. Hata lugha hii tunayoandika ilikuja kwa njia ileile. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya mtu mwingine wa Zanzibar, ambaye watoto wetu wengi hawamujui: mama Siti binti Saad.

Alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba alikuwa Mnyamwezi, mama Mzigua, watu wa bara waliokuwa chini ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Sheria ya kufuta utumwa ilitoka kule mwaka 1897, lakini sheria ni karatasi. Dharau haikufutwa siku moja, na sisi wa machimboni tunajua vizuri habari za karatasi kama ile.

Shule hakusoma. Mama yake alimufundisha kufinyanga vyungu, naye akavibeba kichwani kwenda kuuza. Alipotangaza biashara yake, sauti ilisikika mbali, watu wakatoka nyumbani. Karibu mwaka 1911 akahamia mjini, na huko akapata jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Mupiga udi mmoja wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, akamufundisha mambo ya muziki.

Ile wakati taarab ilikuwa muziki wa ikulu na wa mabwana, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti njo aliishusha kwa watu wadogo. Pamoja na wenzake, kama Subeti Ambar, Mbaruku, Buda Swedi na Maalim Shaaban, aliimba kwa Kiswahili mambo ya kila siku. Ng'ambo, mtaa wa wafanyakazi na waliotoka utumwani, watu wa makabila mengi ya bara wakajisikia ndani ya nyimbo zile. Kuko wenye walimucheka kwa asili yake na kwa sura yake. Aliwajibu kwa wimbo, wakanyamaza.

Mwaka 1928 alipanda meli mpaka Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Ni yeye mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuingia katika santuri. Zilinunuliwa pwani yote mpaka bara, na kampuni zingine zikamutafuta.

Wimbo wake mumoja unatugusa sana. Unaitwa Kijiti. Mwanamke mugeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Muuaji alikimbia bara, na walioingia gerezani ni wanawake waliokuwa naye. Siti hakuenda kulia pembeni. Aliimba ile hukumu wazi, kila mtu aisikie. Mtu asiyejua kuandika barua ya malalamiko alipeleka malalamiko yake mbali kuliko barua yoyote.

Si Afrika peke yake ilisahau kazi za wamama. Ulaya, Fanny Mendelssohn alitunga nyimbo, zingine zikatoka na jina la kaka yake Felix. Paris, Louise Farrenc alikuwa profesa wa piano katika Conservatoire tangu 1842, lakini mshahara wake ulikuwa chini ya wanaume wenzake. Mwaka 1850, kisha muziki wake wa vyombo tisa kushangiliwa sana, alidai malipo sawa, akapata. Alipokufa mwaka 1875, kazi zake zikalala. Siku hizi tu njo zinapigwa tena kwa wingi. Sisi wa sendika tunaona somo: kudai mshahara ni kazi ya kwanza, kulinda jina ni ya pili.

Siti alikufa mwaka 1950. Santuri za zamani zinavunjika kama vyungu. Ikiwa angali anasikika, ni kwa sababu watu walifanya kazi. Shaaban Robert aliandika maisha yake. Bi Kidude, aliyekufa mwaka 2013, aliimba nyimbo zake mpaka uzee. Waandishi wanawake wa Tanzania waliita gazeti lao Sauti ya Siti. Na chuo cha muziki cha Dhow Countries, mjini Zanzibar, kinafundisha taarab tangu 2002.

Na sisi? Katika machimbo ya Kabambare wamama wanaotwanga mawe wanaimba kutwa nzima. Ndani ya zile nyimbo kuko bei ya mfuko wa mawe, kuko mtoto mgonjwa, kuko bwana aliyekula pesa. Bibi akifa, wimbo unafukiwa naye. Simu za kurekodi tunazo mfukoni. Tuombe ruhusa kwa wenye nyimbo, turekodi, tuandike jina la kila mutungaji. Na kama siku moja zitaleta franga, zimufikie yeye mwenyewe. Tusingoje meli ya Bombay.