Mir Ali Bey: Nahodha aliyeshindwa na maji mafupi ya Makupa

KATIKA orodha ya mabaharia waliotikisa mwambao wa Afrika Mashariki katika karne ya 16, jina la Vasco da Gama ndilo linalotajwa kwanza. Mnara wake ungali umesimama Malindi, mwendo mfupi kutoka mitaa kama Muyeye. Lakini yuko nahodha mwingine ambaye hakuachiwa mnara wowote, ingawa kwa miaka minne alikaribia kuung'oa utawala wa Wareno kutoka Mogadishu hadi Mombasa. Huyo ni Mir Ali Bey, baharia wa dola la Uthmaniya.

Maisha yake yana mafunzo ya pekee kwa watu wenye ufundi wa kutengeneza mabao ya michezo ya vita vya kale vya baharini. Michezo hii ina historia ndefu. Chuo cha Vita vya Majini cha Marekani kilianza kuitumia kufundishia maofisa mwaka 1887, na Mwingereza Fred T. Jane alichapisha kanuni zake mwaka 1898. Mara nyingi bao huwa ubao uliopakwa rangi ya buluu, na juu yake zikapangwa meli ndogo. Bao la namna hiyo haliwezi kueleza anguko la Ali Bey, kwa maana kilichomwangusha hakikuwa bahari peke yake, bali mahali ambapo bahari na nchi kavu hukutana.

Waturuki walikuwa wameitwaa Misri mwaka 1517 na kuteka sehemu kubwa ya Yemeni kuanzia 1538. Bandari ya Mokha ikawa mlango wao wa kuingilia Bahari ya Hindi, ambako Wareno walikuwa wakitoza ushuru na kuwalazimisha wafanyabiashara kuchukua vibali vya kusafiri. Mwaka 1581 merikebu tatu za Waturuki ziliishambulia Maskati, na wanahistoria humtaja Ali Bey kuwa ndiye aliyeziongoza.

Mwishoni mwa 1585 alishuka na pepo za kaskazi hadi Mogadishu. Nguvu zake zilikuwa chache mno kwa mtu aliyekusudia kuigeuza pwani nzima, lakini alibeba ahadi ya msaada wa sultani wa Istanbul dhidi ya Wareno, na ahadi hiyo ilitosha. Mogadishu, Barawa, Pate, Faza, Lamu na Mombasa zilimkaribisha. Aliteka vyombo vya Wareno, akawafunga makumi ya mabaharia wao, na mwaka 1586 akarejea Mokha na ngawira nyingi.

Mji mmoja mkubwa ulikataa kumuunga mkono, nao ni Malindi. Tangu 1498, Vasco da Gama alipopewa hapo rubani wa kumvusha hadi India, watawala wa Malindi walikuwa wameshikamana na Wareno. Sababu yao haikuwa ngumu kuielewa. Mombasa ilikuwa hasimu wao wa siku nyingi katika biashara, na adui wa hasimu aligeuka kuwa rafiki. Kapteni Mreno wa pwani hii alikaa Malindi, na habari za Ali Bey zilipelekwa Goa kutoka huko.

Miji iliyompokea ililipa gharama kubwa. Mwaka 1587 kikosi cha Wareno kilitoka Goa, kikaiteketeza Faza na kumuua mtawala wake, kisha kikaipora na kuichoma Mombasa. Ali Bey hakuwepo kuwatetea wenyeji wake. Hili ni doa katika historia yake, kwa kuwa aliwasha moto kisha akaondoka na msimu, akawaacha wengine waungue.

Alirejea kwa safari ya pili, na kufikia mapema mwaka 1589 alikuwa katika maji ya Kenya akiwa na merikebu tano na askari wapatao 300. Alipofika mbele ya Malindi alipigwa mizinga kutoka nchi kavu, naye hakupoteza muda hapo. Aliendelea hadi Mombasa, akateremsha mizinga yake na kujenga ngome ndogo kwenye mlango wa bandari. Safari hii alinuia kukaa.

Hapa ndipo umbo la ardhi lilipoanza kuamua mambo. Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Upande wa mashariki, miamba huufanya mlango kuwa mwembamba, na mizinga michache huweza kuulinda. Lakini upande wa nyuma, kaskazini magharibi, kulikuwa na kivuko cha Makupa, mahali ambapo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kutoka bara kwa miguu.

Ng'ambo ya kivuko hicho, wakati huohuo, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, jeshi kubwa lililotoka upande wa mto Zambezi na ambalo tayari lilikuwa limeiangamiza Kilwa. Taarifa za Wareno huwaita wala watu, madai ambayo msomaji wa leo hana budi kuyapokea kwa tahadhari. Lisilo na shaka ni kwamba Wamombasa waliwaogopa. Ali Bey akalazimika kuzigawa nguvu zake: mizinga ikaelekea baharini, na baadhi ya merikebu zikapelekwa Makupa kukilinda kivuko.

Mwezi Machi 1589 meli zipatazo 20 chini ya Tomé de Sousa Coutinho zilitokea kutoka Goa. Pepo zilezile za kaskazi zilizomleta Ali Bey ziliwaleta na Wareno, na pepo hizohizo zilimfungia njia ya kurudi kwao. Ngome ya mlangoni haikudumu. Wareno waliingia bandarini, wakaziteka merikebu, zikiwemo zile za Makupa. Kivuko kilipobaki bila mlinzi, Wazimba walivuka.

Yaliyofuata yalikuwa maangamizi. Wenyeji na Waturuki walikimbilia ufukweni, wengi wakijitosa majini kuelekea kwenye mashua za Wareno, kwa kuona utumwa una nafuu kuliko mauti. Ali Bey mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotekwa. Alipelekwa Goa, kisha Ureno, ambako inaelezwa kwamba aliingia Ukristo na kufia huko, mbali na bahari aliyotaka kuitawala.

Malindi nayo ilionja hatari ileile. Wazimba walipanda kaskazini na kuuzingira mji, nao uliokolewa na Wasegeju waliolivunja jeshi hilo. Baadaye Wasegeju waliiteka Mombasa na kumkabidhi mtawala wa Malindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwenye mlango wa bandari, karibu na eneo ambalo Ali Bey alikuwa ameweka mizinga yake. Kwa njia hiyo adui aliyeshindwa aliwafundisha washindi mahali pa kujenga.

Ushindi huo haukuinufaisha Malindi. Makao ya Wareno yalihamia Mombasa, mtawala akayafuata, na mji ulioitwa rafiki mwaminifu ukaachwa ufifie. Ulidhoofika hadi ukawa magofu, ukaja kufufuliwa katika miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar. Kwa hiyo wote wawili, aliyempinga Mreno na aliyemsaidia, walipoteza.

Kwa fundi wa bao, kisa hiki kina maagizo kamili. Kisiwa kichongwe kwa ubao mwembamba au sponji ngumu, kingo zake zikatwe wima kama miamba ya matumbawe. Maji marefu yapakwe buluu iliyokoza, na maji mafupi ya Makupa yapakwe rangi ya mchanga, pamoja na kanuni inayoonyesha lini yanapwa na lini yanajaa. Bara nalo lisiachwe nje ya bao kwa hoja kwamba vita ni vya meli. Mchezaji atakayeshika upande wa Ali Bey atagundua upesi kwamba ana mizinga ya kulinda mlango mmoja, ilhali nyumba aliyoichagua ina milango miwili.