Sayyid Abubakar Alkaf: Mali ya Ughaibuni na Amani ya Hadhramaut

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Ndugu Waislamu, Washihiri wa pwani yetu waliitwa hivyo kwa jina la bandari ya Shihr, huko Hadhramaut. Tumezoea kusimulia habari zao walipofika kwetu. Leo tuitazame nchi waliyoiacha, kupitia maisha ya Sayyid Abubakar bin Sheikh Alkaf.

Alizaliwa Singapore, katika ukoo wa masharifu wa Tarim uliotajirika huko kwa biashara na majumba ya kupangisha. Bonde la Hadhramaut ni kame, na kwa karne nyingi wanaume wake walihajiri kwenda Uhindi, Java, Singapore na Afrika Mashariki. Walichokituma ndicho kilichojenga kwao: misikiti, vyuo na makasri ya udongo ya Tarim, yenye mapambo yaliyoigwa kutoka Asia. Hata watawala wa Al-Quaiti, waliomiliki Mukalla na Shihr, waliinuka kwa mali waliyoichuma katika utumishi wa kijeshi huko Hyderabad.

Lakini fedha za ughaibuni zilinunua bunduki pia. Makabila yalilipizana kisasi, na wapo waliofungika majumbani mwao kwa miaka wakihofia risasi za jirani.

Hapo ndipo Sayyid Abubakar alipojipambanua. Wengine walipojenga makasri, yeye alitumia urithi wake kutengeneza barabara ya magari kutoka Tarim hadi Shihr, akiyalipa makabila ili yaridhie ipite. Mwaka 1937, akishirikiana na Mwingereza Harold Ingrams, aliyepata kufanya kazi Zanzibar, alipatanisha mahasimu. Viongozi zaidi ya 1,000 walitia saini mapatano ya miaka mitatu, na gharama nyingi alizibeba yeye.

Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1942 Japani iliiteka Singapore, na fedha zilizokuwa zikitumwa nyumbani zikakatika. Mvua nayo ikakosekana. Bonde lililozoea kulishwa kutoka ng'ambo likapatwa na njaa, na maelfu ya watu wakafa.

Vita vilipokwisha, utajiri wa Sayyid haukurudi kama ulivyokuwa. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alimtunuku nishani mjini Aden. Inasimuliwa kwamba hakukubali kupiga magoti, kwani Muislamu humsujudia Mola wake peke yake. Alifariki mwaka 1965, akiwa amebakiwa na mali kidogo mno.

Enyi wazazi wenye watoto ughaibuni, tuzingatie. Riziki inayotoka mbali ni neema, lakini mlango wake waweza kufungwa kwa siku moja. Isiishie kwenye kuta na mapambo, bali ichimbe kisima, isomeshe yatima na ipatanishe ndugu. Mali ya Sayyid Abubakar ilikwisha, ila wasafiri waliendelea kupita katika barabara yake, na damu zilizohifadhiwa kwa suluhu yake, ujira wake uko kwa Allah.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie mali zetu ziwe sadaka yenye kuendelea. Amin.