Honda, mwana wa mhunzi aliyetia injini kwenye baiskeli

MNUNUZI wa vyuma chakavu akipita Rhotia huangalia kitu kimoja tu, uzito. Pikipiki ndogo ya Honda ya miaka ya 60 au 70, iliyolala ghalani nyuma ya magunia ya mbaazi, kwake ni kilo kadhaa za chuma. Mkusanyaji wa pikipiki za kale huiangalia vingine. Huinama asome namba za injini na fremu, huuliza kama tangi na kabureta ni vya asili, kisha hutaka kuona kadi. Ili mkulima ajue nani kati yao anamwibia, inafaa amjue aliyeitengeneza.

Soichiro Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi na fundi baiskeli. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, Soichiro alikwenda Tokyo kujifunza ufundi katika gereji ya Art Shokai, ambako kazi yake ya mwanzo ilikuwa kulea mtoto wa tajiri wake. Miaka sita baadaye alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo.

Kisha akaingia kwenye ringi za pistoni. Zilimshinda kwa kuwa hakuwa na elimu ya metali, hivyo akarudi darasani akiwa mtu mzima. Alipofaulu, Toyota ikawa mteja wake. Lakini vita vilileta mabomu, na tetemeko la Januari 1945 likaangusha kiwanda. Aliuza kilichobaki kwa Toyota kwa yeni 450,000.

Mwaka 1946 Japani ilikuwa na njaa, petroli ilikuwa ya mgawo na treni zilijaa kupita kiasi. Watu walisafiri kwa baiskeli kutafuta chakula vijijini. Honda alipata injini ndogo zipatazo 500 zilizokuwa za jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tangi la kwanza la majaribio lilikuwa chombo cha maji ya moto cha kupashia kitanda joto! Petroli ilichanganywa na mafuta ya msonobari. Injini hizo zilipokwisha, alilazimika kubuni ya kwake, na mwaka 1947 ikatoka A-Type. Kampuni ya Honda iliandikishwa Septemba 1948.

Kutengeneza alijua, lakini mambo ya fedha hayakumvutia. Mwaka 1949 alimpata Takeo Fujisawa, akamwachia mauzo pamoja na muhuri wa kampuni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo biashara ilipoanza hasa.

Mwaka 1952 walitoa Cub F, injini nyekundu yenye tangi jeupe, ya kufungwa kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli. Fujisawa hakuhangaika kujenga maduka. Aliandika barua kwa maduka ya baiskeli yapatayo 50,000 nchini Japani. Mwenye duka angepata injini kwa yeni 19,000 akiilipia kwanza, kisha aiuze kwa 25,000. Maelfu walikubali. Fedha za wauza baiskeli zikawa mtaji wa kiwanda. Ushirika wowote wa mazao ungetamani wateja wa namna hiyo.

Mwaka 1958 ikaja Super Cub, ya 50cc, isiyo na klachi ya mkono. Ilipofika mwaka 2017, pikipiki za jamii hiyo zilizotengenezwa zilikuwa zimefikia milioni 100.

Hapa ndipo muuzaji anapaswa kuwa mwangalifu. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni hakiwi adimu kwa sababu ya uzee pekee. A-Type na Cub F ni adimu kweli. Super Cub ya kawaida hupanda bei ikiwa tu imebaki kama ilivyotoka kiwandani, na namba zake zinasomeka. Wengi hukosea kwa kuipaka rangi mpya kabla ya kuuza, wakidhani wanaiongezea thamani.

Honda na Fujisawa walistaafu pamoja mwaka 1973. Honda alifariki Agosti 5, 1991, akiwa na miaka 84. Tangu mwaka 1998 kampuni yake ina jumba la makumbusho huko Motegi, ambako mashine za mwanzo zimehifadhiwa. Mwaka 2025 iliacha kutengeneza pikipiki za 50cc kwa soko la Japani kutokana na sheria mpya za moshi.

Mwenye nayo Rhotia, basi, aifute vumbi tu. Anakili namba, apige picha kila upande na atafute kadi ya usajili kabla ya kuipeleka mnadani Karatu. Kadi ikiwa bado ina jina la marehemu, suala la mirathi limalizwe kwanza, kwani mkusanyaji makini hatatoa fedha zake kabla ya hapo.