Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeimba mpaka kwenye santuri

Siku hizi kuna vijana Nairobi ambao wikendi hawaendi klabu kurukaruka. Wanaingia mahali penye taa hafifu, wanaagiza kokteli moja ya bei kali, halafu wanakaa kitako. Kazi ni moja tu, kusikiliza santuri. Dijei haharakishi kitu. Anaitoa santuri kwenye jalada, anaipangusa vumbi, anateremsha sindano pole pole, na upande mzima unacheza mpaka uishe. Ukianza kupiga domo kwa sauti, utatazamwa vibaya.

Wajuaji watakuambia mtindo huu ni wa Japani. Ni kweli, Wajapani wamekuwa na mikahawa ya kusikiliza santuri tangu miaka ya 1920. Lakini usidhani pwani yetu ilikuwa imelala. Karibu miaka hiyohiyo, watu wa Unguja walikuwa wanabanana kwenye mikahawa kusikiliza gramafoni moja, kila mtu na kikombe chake kidogo cha kahawa chungu. Na sauti iliyowakalisha kimya ilikuwa ya mwanamke aliyewahi kuuza vyungu. Jina lake Siti binti Saad.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu mwaka wa 1880. Hilo jina la Siti alilipata baadaye. Wazazi wake walimwita Mtumwa, na jina hilo halikuwa mzaha. Familia yake ilitoka bara, na utumwa Zanzibar ulikuja kupigwa marufuku kisheria mwaka wa 1897, yeye akiwa tayari msichana mkubwa. Shule hakuenda. Mama yake alifinyanga vyungu, naye Mtumwa akavibeba kichwani kwenda kuvitembeza. Ili wateja wajue amefika, alikuwa anaimba. Sauti yake ilitangulia, vyungu vikafuata nyuma.

Mwaka wa 1911 akahamia mjini. Hakufikia Mji Mkongwe kwenye majumba ya mawe. Alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, mtaa wa wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliotoka utumwani. Huko wanamuziki wakamsikia, wakamfunza, wakaunda kundi naye. Miongoni mwao walikuwa Mbaruk, Buda Swedi, Subeti Ambari na Maalim Shaaban.

Sasa elewa taarab ilikuwa nini wakati huo. Ilikuwa muziki wa ikulu. Sultani Barghash ndiye aliyeuleta kutoka Misri miaka ya 1870 na 1880, na uliimbwa kwa Kiarabu. Mtu wa Ng'ambo angeweza kuusikia kwa mbali lakini asielewe neno. Siti akaushika muziki uleule, akauimba kwa Kiswahili. Akaimba mambo ya mtaani: mapenzi, umbea, wakubwa wanaoonea wadogo, mahakimu wanaopindisha haki. Usiku watu walijaa nyumbani kwake kusikiliza. Baada ya muda hata matajiri na jumba la sultani wakawa wanamwita.

Maadui hawakukosa. Kuna waliotunga nyimbo za kumcheka, wakauliza tangu lini mtu aliyeingia mjini amevaa kaniki akawa mtu wa maana. Walimsema sura, wakamsema ukoo. Siti akawajibu kwa wimbo, kwamba sura na ukoo si kitu kama mtu hana akili. Ukifikiria wanavyochambuliwa wasanii wa kike mitandaoni leo, utaona ukatili huu si mgeni.

Halafu ukaja mwaka wa 1928. Kampuni ya HMV ilikuwa inatafuta soko la santuri Afrika Mashariki. Siti na kundi lake wakapanda meli mpaka Bombay, India, mji tunaouita Mumbai sasa, wakarekodi. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingiza sauti yake kwenye santuri. Hebu tazama kioja hiki: herufi HMV maana yake ni Sauti ya Bwana Wake, na nembo yenyewe ni mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa anaingia studio ya kampuni yenye jina kama hilo, na sauti inayotoka si ya bwana yeyote. Ni yake.

Santuri zile hazikuwa hizi za plastiki unazonunua Kenyatta Market. Zilikuwa za shelaki, utomvu wa wadudu wa huko India. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Ukiiangusha, imevunjika kama chungu. Kwa hivyo wimbo wa taarab, ambao usiku wa Ng'ambo ungevutwa mpaka watu wachoke wenyewe, ilibidi ubanwe. Ilikuwa lazima uchague la kusema.

Siti alichagua vizuri. Chukua wimbo wake unaoitwa Kijiti. Unahusu kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, aliyeuawa Unguja na mwanamume wa jina hilo. Muuaji akavuka bahari akatoroka. Waliofungwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Hakuna gazeti ambalo watu wa Ng'ambo wangeandika malalamiko yao, na wengi hawakujua kusoma. Lakini gramafoni haikuhitaji usome. Ilihitaji mkahawa mmoja, mashine moja, na watu walionyamaza.

Ndio maana santuri zake zilienda kasi. Ziliuzwa kwa maelfu Unguja, Mombasa, Lamu na bara. Asiyekuwa na pesa za santuri, wacha mashine yenyewe, alinunua kahawa akasikiliza ya mkahawa. Kampuni zingine zilipoona HMV inavuna, nazo zikaanza kuwasaka waimbaji wa pwani.

Siti alifariki Julai 1950. Miaka miwili kabla, mwaka wa 1948, kampuni ya Columbia ilikuwa imezindua Marekani santuri ya vinyo inayobeba zaidi ya dakika 20 kila upande, ileile inayozunguka kwenye baa zetu leo. Siti hakuifaidi. Lakini kabla hajaaga, Shaaban Robert, huyohuyo wa vitabu vya shule, alimtafuta akaandika wasifu wake. Nyimbo zake nazo zikapokelewa na Bi Kidude, aliyeziimba mpaka uzee wake na kufariki mwaka wa 2013.

Baadhi ya rekodi za Siti zimetolewa upya na zinapatikana mtandaoni. Mikwaruzo imejaa, sauti inatoka kama iko nyuma ya ukuta. Usiruke. Na ukiingia kwenye hizo baa za santuri, baada ya jazi na fanki, mwombe dijei Siti. Akikosa, muulize ni kwa nini. Sisi hupenda kusema tumekuja kusikiliza, lakini mara nyingi tumekuja kupiga picha ya glasi. Wale wa mkahawani hawakuwa na picha ya kupiga. Walikaa wakasikiliza kesi ya mwanamke aliyeuawa, mpaka sindano ikafika mwisho. Mahakama ilishafunga faili. Santuri haijaifunga hadi leo.