Robert Williams, mtu aliyeiunganisha Katanga na bahari ya Lobito

Kila siku kamio zenye kubeba mukuba zinapita Fungurume kwenye barabara ya taifa 39. Vumbi linabaki kwa wakaaji, kamio zinaenda Likasi, Lubumbashi, kisha kupanga mstari Kasumbalesa. Lakini kuna njia ingine ya kufika baharini, ile ya reli ya Lobito, na sasa watu wanaizungumzia sana. Aliyeianzisha ni Robert Williams.

Williams alizaliwa mwaka 1860 Aberdeen, kule Scotland. Alikuwa injinia wa migodi. Mwaka 1881 alienda Afrika ya Kusini, akafanya kazi Kimberley kwenye almasi, na huko akawa rafiki wa Cecil Rhodes, yule aliyetaka reli moja kutoka Cape Town mpaka Cairo.

Mwaka 1899 Williams alianzisha kampuni ya Tanganyika Concessions. Akamtuma George Grey na kundi lake kutafuta madini, kwanza upande wa Zambia ya leo, kisha Katanga, juu ya mapatano na Wabelgiji ya mwaka 1900. Mtu anaweza kufikiri Grey njo aliyevumbua mukuba wa Katanga. Haiko hivyo. Wasanga na majirani zao walikuwa wanachimba na kuyeyusha mukuba tangu zamani, wakitengeneza misalaba ya biashara. Na wakati wa Msiri, aliyeuawa mwaka 1891, misafara ya Waovimbundu ilikuwa inatoka upande wa Benguela mpaka Bunkeya, kwa miguu. Njia ya Lobito ilikuwa na nyayo za watu kabla ya kuwa na vyuma.

Kitu Williams alichoona mapema ni hiki: mukuba bila reli ni mawe tu. Mwaka 1902 alipata kwa serikali ya Ureno ruhusa ya kujenga na kutumia reli ya Benguela kwa miaka 99. Kazi ilianza mwaka 1903. Pwani ni kavu, kisha milima inapanda ghafla. Kuliko wafanyakazi wa Angola na wengine walioletwa kutoka mbali, hata Wahindi wa Natal. Treni zilichoma kuni, njo maana kampuni ilipanda misitu ya mikaratusi kando ya njia.

Pesa zilikuwa zinakwisha, kazi inasimama. Wakati huo Williams alisaidia reli ya kusini ipande, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 mukuba wa kwanza ukayeyushwa pale na Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kampuni yake ndani. Kampuni ingine yenye jina lake ilikuwa inaandika wanaume kule Rhodesia ya Kaskazini na kuwaleta migodini Katanga. Utajiri ule ulibebwa na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Vita ya 1914 ilichelewesha tena. Mwishowe, mwaka 1929, reli ilifika mpaka wa Congo, zaidi ya kilometa 1300 kutoka Lobito. Wabelgiji nao walijenga karibu kilometa 520 kutoka Dilolo mpaka Tenke, jirani na Fungurume, na mwaka 1931 mukuba ukaanza kushuka Lobito. Williams alikuwa na miaka 71. Alikuwa ameshapewa cheo, wanamwita Sir Robert.

Lakini furaha haikuwa kamili. Bei ya mukuba ilikuwa imeanguka duniani. Tena Wabelgiji walipenda mizigo ipite njia yao wenyewe: treni mpaka Ilebo, mashua mpaka Kinshasa, kisha treni mpaka Matadi. Njia fupi ilikuwa tayari, lakini mwenye kuamua ni mwenye mizigo. Williams alikufa mwaka 1938.

Vita ya Angola, iliyoanza mwaka 1975, ilifunga reli kwa miaka mingi. Wachina waliijenga upya upande wa Angola, na mwaka 2023 ilikabidhiwa kwa kampuni za kigeni kwa mkataba wa miaka 30. Mukuba umeanza tena kushuka Lobito.

Maisha ya Williams yanaacha somo moja kwa wakaaji wa Fungurume na Tenke. Reli ile ilichorwa kwa ajili ya mzigo wa kutoka. Mama mwenye magunia ya mahindi na kijana mwenye kutafuta kazi hawakuwa kwenye hesabu. Sasa mikataba mipya inaandikwa, na wakati wa kuuliza juu ya mabehewa ya watu, bei ya tiketi na kazi za gare ni sasa, kabla ya treni kupita.